Kiswahili cha Mzee Donal

Jumapili, 5 Oktoba

Nimerudi kazini leo. Likizo imeisha, miguu inauma tayari. Riyadh bado joto la tanuri. Wodi imejaa wagonjwa wa kiharusi, karibu wote wanaume, karibu wote wamenuna.

Kitanda cha dirishani kina mgeni. Mzee wa Kiairishi, anaitwa Donal. Alikuja kumtembelea bintiye anayefanya kazi hapa, mhandisi wa majengo. Wiki ya pili tu ya matembezi, kiharusi. Mkono wa kulia umelala. Sista Liza, msimamizi wetu, aliniambia wakati wa kupokezana zamu: maneno yamemtoka kabisa, anabwabwaja tu, usipoteze muda kujaribu kumwelewa.

Saa ya dawa nilikuwa napita na toroli. Mzee akageuka akanitazama. Akasema, polepole, kila neno peke yake:

"Dada. Maji. Naomba maji."

Nilisimama nikidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza kwa Kiswahili, "Umesema maji, mzee?"

Akaanza kulia. Machozi ya mtu mzima, bila sauti. Nilimpa maji. Alikunywa yote, akashika mkono wangu, hakutaka kuuachia. "Asante, ndugu," akasema. Ndugu! Nani bado anasema ndugu?

Siku zote hizo alikuwa anaomba maji.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nilimwambia Daktari Faisal kwenye mzunguko wa asubuhi. Nilitarajia aniulize kama nimelala vizuri. Badala yake alicheka kwa furaha, akavuta kiti akaketi kabisa, jambo ambalo hafanyi. Akaniomba nimuulize mzee maswali. Jina lako? Donal. Uko wapi? Hospitali. Unaumwa wapi? "Mkono huu hautaki kazi. Ni kabaila."

Niliangua kicheko. Daktari akataka tafsiri. Haikutafsirika vizuri.

Anasema hutokea. Kiharusi kinaharibu njia ya lugha moja, kinaacha nyingine. Kiingereza anakisikia lakini hakitoki. Kiswahili kimebaki kizima. Halas, akasema daktari, tuanzie hapo. Wewe, Wakesho, ndiye mdomo wake kwa sasa.

Nimefurahi kupita kiasi. Sista Liza hakufurahi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sasa nimeelewa. Miaka ya sabini alikuwa mwalimu wa hesabu Njombe, kusini mwa Tanzania. Kijana mwenye ndevu, anasema. Kiswahili alifundishwa na wanafunzi wake na redio. Ndiyo maana anaongea hivyo: wanyonyaji, makabaila, wakulima na wafanyakazi. Mimi mtoto wa Changamwe, Mombasa, Kiswahili changu kimechanganyika na kila kitu. Chake kimekaa sandukuni tangu enzi za ujamaa, kimetoka kimepigwa pasi.

Nikisema "poa" ananirekebisha. Mgonjwa ananirekebisha mimi!

Jumapili, 12 Oktoba

Nimekutana na binti. Orla. Mrefu, nywele fupi, vumbi la kazini kwenye viatu. Aliketi kando ya kitanda akisikiliza mimi na babake tukiongea, na uso wake ukawa unafungika kidogo kidogo.

Akaniambia koridoni kwamba alipokuwa mdogo babake alimsemesha mbwa wao kwa lugha ya ajabu. "Wewe mjinga, njoo hapa." Alidhani ni maneno ya kutunga. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba ni lugha ya watu.

Halafu akasema, "Mbwa alipata zaidi kuliko mimi."

Nilimwonea huruma na nikaona aibu, kana kwamba nimemwibia kitu.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo mzee amenieleza kinachomsumbua. Si mkono.

Mwezi ujao alikuwa amealikwa Jeddah. Waairishi wanaofanya kazi kule wana jioni yao ya mazungumzo, na walimwomba awasimulie historia ya vuguvugu ambalo babake alikuwemo. Watu waliotaka Ailandi iwe jamhuri, lakini si bendera tu. Walitaka ardhi kwa wakulima wadogo, kazi na nyumba kwa wafanyakazi wa mjini. Walijitenga na wenzao wa jeshi la zamani, lililopigana na Mwingereza, kwa sababu hiyo. Waliungana, wakagawanyika, wakasahauliwa. Babake hakuandika chochote. Yeye pia hajaandika. Yote yako kichwani.

Akagusa kichwa chake kwa mkono wa kushoto. "Na kichwa sasa kina ufa."

"Nani mwingine anajua?" nikamuuliza.

"Mafi," akasema, yaani hakuna. Ameshaokota hata Kiarabu cha wodini.

Ijumaa, 17 Oktoba

Siku ya mapumziko. Nilifua, nikapika pilau, nikashindwa kuketi. Saa ya wageni nikaenda hospitalini bila sare. Nikamwambia Mzee Donal anisimulie mimi, nitakumbuka.

Alisimulia mpaka akachoka. Babake alitoka Donegal, kaskazini magharibi, mashamba ya mawe na mvua. Baadaye alihamia mji mkuu, akabeba mizigo bandarini. Usiku kulikuwa na mikutano kwenye vyumba vya kupanga ambamo familia nzima ilikaa chumba kimoja. Wanawake ndio waliokuwa wakali zaidi, anasema. Waliwapanga wapangaji wagome kulipa kodi pamoja, nyumba kwa nyumba.

Babangu alifanya kazi bandari ya Mombasa. Nilimwambia. Mzee alitabasamu upande mmoja wa uso, upande unaotii. "Basi tunaelewana, ndugu."

Jumatatu, 20 Oktoba

Sista Liza ameniita ofisini. Naambiwa nina wagonjwa wengine. Kweli. Naambiwa hadithi si tiba. Si kweli. Nilimwonyesha vipimo: mzee anaketi mwenyewe sasa, anakula, anafanya mazoezi bila kugombana na mtu. Wiki mbili zilizopita alikuwa anageukia ukuta.

Aliangalia karatasi muda mrefu. "Saa yako ya chakula ni yako," akasema.

Nimeshinda! Nitakuwa nakula nimesimama. Haidhuru.

Alhamisi, 23 Oktoba

Siku mbaya. Jeddah walimpigia Orla, wakamwambia kwa upole kwamba wataifuta ile jioni. Orla akakubali. Akaja kumwambia babake kwa Kiingereza, polepole. Mzee alielewa kila kitu. Akatupa kikombe. Chai ikamwagika kwangu.

"Nitakwenda," akasema. "Mwambie. Nitakwenda."

Nikamwambia Orla. Akanijibu kwa ukali kwamba babake hawezi kusema sentensi moja mbele ya watu wake, na hataki wamtazame kama kioja. "Na wewe," akasema, "wewe utarudi nyumbani kwako jioni. Mimi ndiye nitakayebaki naye."

Ana haki. Hilo ndilo lililoniuma. Nililia chooni kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Jumapili, 26 Oktoba

Orla hakuja. Mzee hakutaka kusimulia. Tulifanya mazoezi ya mkono. Kidole gumba kimesogea. Sikushangilia kwa sauti.

Alhamisi, 30 Oktoba

Lazima niandike hii vizuri.

Orla alikuja baada ya kazi. Mimi nilikuwa napima presha. Mzee akasema kwa ghafla, macho yakiwa kwa binti na si kwangu, "Ndugu, tafsiri. Yote. Usiruke."

Akasimulia. Nami nikasema kila sentensi kwa Kiingereza baada yake.

Jumapili moja padri alipanda madhabahuni akasoma majina ya vijana wa kijiji waliokuwa wamejiunga na wale watu. Aliwaita maadui wa Mungu. Jina la babake Donal lilikuwa la kwanza. Kanisa zima likatazama chini. Babake aliketi pale, masikio yanawaka, akijua kwamba kesho hakuna atakayempa kazi.

Halafu msichana mmoja akainuka benchi la mbele. Akatembea katikati ya kanisa mpaka mlangoni, viatu vikigonga sakafu, kila mtu akimtazama. Hakuwa mchumba wake. Hawakuwa wamewahi hata kusalimiana. Akatoka nje, akasimama mvuani akimsubiri.

"Huyo ndiye mama yangu," mzee akasema. "Jina lake Orla."

Sikuhitaji kutafsiri hilo la mwisho. Orla alikuwa ameshafunika mdomo.

Hakuwahi kuambiwa. Alijua amepewa jina la nyanya yake, basi. Kwao hawakuzungumza mambo hayo. Aibu ya padri ilibaki nyumbani muda mrefu kuliko padri mwenyewe.

Alipoweza kuongea aliniuliza kama nina siku za ruhusa mwezi ujao.

Jumapili, 2 Novemba

Daktari Faisal amekubali safari ya Jeddah, mradi presha itulie na muuguzi aende naye. Muuguzi ni mimi. Sista Liza amenipa ruhusa kwa sharti kwamba nitafanya zamu zake mbili za Ijumaa. Nilisaini kabla hajamaliza sentensi.

Jeddah wamefurahi. Wameuliza atazungumza lugha gani. Orla akawaambia, "Kiswahili." Anasema walimwomba arudie. Alicheka alipokuwa ananisimulia, mara ya kwanza namwona akicheka. Ana kicheko cha babake.

Jumanne, 4 Novemba

Tunafanya mazoezi. Naogopa Kiingereza changu. Cha hospitalini nakimudu. Cha historia je? "Kabaila" nimweke vipi? "Mnyonyaji"? Orla anasaidia. Mzee anatazama mmoja, anatazama mwingine, kama mwamuzi wa mpira. Ikiwa tafsiri imepotea anapiga meza kwa mkono wa kushoto.

Jumapili, 9 Novemba

Presha imepanda. Juu sana. Daktari Faisal hakusema hapana, alisema tusubiri. Orla amekaa siku nzima kitandani pake. Mzee amelala, kinywa wazi, anaonekana mdogo.

Najilaumu. Tumemwamsha, sasa tunamchosha. Kama akipata kiharusi kingine sitajisamehe.

Jumanne, 11 Novemba

Presha imeshuka. Asubuhi aliamka akaniuliza, "Ndege saa ngapi?"

Daktari akapima mara mbili, akapima mwenyewe kwa mkono, akatikisa kichwa, akatabasamu. "Yalla," akasema. "Nendeni kabla sijabadilisha mawazo."

Jumatano, 12 Novemba

Jeddah. Hewa ina chumvi, nywele zangu zimejikunja zote. Safari ilikwenda salama. Mzee na Orla wako hotelini. Mimi baada ya kumpa dawa za jioni nilipata saa moja, nikatembea mtaa wa Al-Baghdadiyah, nikapata duka la Mtanzania anayeuza mahamri. Nikanunua ya wote. Nimeyala nusu njiani.

Kesho ndiyo siku yenyewe.

Alhamisi, 13 Novemba

Mungu wangu.

Nitaanza mwanzo. Ukumbi uko kwenye makazi ya wageni huko Al-Nuzha, nyuma ya ukuta mrefu. Viti vilijaa. Wauguzi, walimu, wahandisi, watoto wakikimbia. Tulimsukuma mzee mbele kwenye kiti cha magurudumu, suti ya kijivu, tai aliyofungwa na Orla. Mimi kando yake na maikrofoni.

Mwenyekiti akaeleza jambo lilivyo. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mzee aliiona huruma ile. Aliichukia, niliona taya likikaza.

"Ndugu zangu," akaanza.

Mwanzoni walinitazama mimi. Baada ya muda mfupi wakaacha, wakamtazama yeye. Sauti yake ilikuwa inapanda na kushuka, na nadhani walikuwa wanamwelewa kabla sijafungua mdomo. Aliwapa mitaa ya mji mkuu na vyumba vya kupanga. Aliwapa wanawake wa mgomo. Aliwapa kanisa, padri, na viatu vya mama yake. Hata watoto waliacha kukimbia.

Halafu akaingia kwenye jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Sikuwa nimejiandaa. Kabla ya mji mkuu, kule Donegal, babake akiwa kijana. Kila mwaka wakulima walilipishwa ardhi iliyokuwa ya babu zao, na malipo yakavuka bahari kwenda Uingereza. Vijana wa vuguvugu wakaenda nyumba kwa nyumba: msilipe. Nyumbani kwa babu yake hawakulipa. Maofisa wa mahakama wakaja na askari, wakaswaga mifugo yao mpaka mnadani.

"Walichukua mitamba wote," mzee akasema.

Nikatafsiri: walichukua ng'ombe wote.

Mzee akapiga mkono wa kiti. Nikanyamaza. Nikadhani anaumwa, nikainama kumwangalia. Uso umekunjamana, midomo inasukuma kitu. Orla alikuwa ameshainuka kutoka kitini.

"Heifers," mzee akasema.

Kwa Kiingereza. Wazi kama kengele.

Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, na wote wakalipuka, wanacheka, wanapiga makofi, wanagonga meza. Watoto wa wakulima wote wale! Walijua mtamba ni nini, ng'ombe jike ambaye hajazaa, na kwa nini inauma zaidi kumpoteza, maana ndiye ndama na maziwa ya kesho. Mimi mtoto wa bandarini sikujua. Neno lake la kwanza la Kiingereza tangu kiharusi, na lilikuwa la kunisahihisha!

Alikuwa anatikisika kwa kicheko. Orla alipiga magoti kando ya kiti akamshika. Nilisimama na maikrofoni nikilia hadharani, bila aibu.

Lakini hakuwa amemaliza. Aliinua mkono, wakatulia. Akarudi kwenye Kiswahili. Siku ya mnada kijiji kizima kilikuja. Wakasimama pande zote. Dalali akataja bei. Hakuna aliyefungua mdomo. Akateremsha bei. Kimya. Akateremsha tena. Watu wamesimama tu, mikono mifukoni, wanatazama viatu vyao. Jioni mitamba wakarudi nyumbani kwa njia ileile. Miaka michache baadaye serikali yenyewe ya nchi ikakataa kuyapeleka malipo yale ng'ambo.

"Tulishinda," akasema. "Watu husahau kwamba hapo tulishinda."

Wakapiga makofi tena. Kisha mzee mmoja akasimama safu ya pili, fimbo mkononi, uso mwekundu. Akasema babake alikuwa upande wa pili, wa wale waliobaki kwenye jeshi la zamani. Akasema, "Nyinyi ndio mliotuvunja. Halafu mkavunjika wenyewe, kwa kubishania maneno mawili kwenye azimio. Hilo hukulisema."

Nilimtafsiria Mzee Donal kwa Kiswahili, ingawa alikuwa amesikia. Nilitaka apumue.

"Ni kweli," Mzee Donal akasema. "Tulikaa ukumbini tukabishana kama jamhuri iitwe ya wafanyakazi au iitwe jamhuri tu. Tukapiga kura. Nusu wakaondoka. Baba yangu alikuwa kati ya walioondoka, na alijuta mpaka kufa. Tulikuwa wajinga."

Akavuta pumzi.

"Lakini sikiliza. Kila mwaka wanajamhuri wote walikwenda kwenye kaburi la shujaa wetu mmoja wa zamani. Mwaka ule walikuja wafanyakazi kutoka Belfast. Waprotestanti, watu waliohesabiwa kuwa wa Mwingereza. Walikuja na bango lao, wakapanga mstari nyuma yetu. Watu wa upande wa baba yako waliwazuia, wakawanyang'anya bango, wakawapiga. Baba yangu alikuwepo. Alisema hakuwatazama waliopiga. Alikuwa anawatazama wale waliokuja. Maisha yake yote aliambiwa watu hao hawawezi kuja. Na walikuja, kwa miguu yao. Hiyo ndiyo historia niliyoileta. Kwamba walikuja."

Nilimaliza kutafsiri. Mzee mwenye fimbo akatoka kwenye safu yake, akaja mbele polepole. Akanyoosha mkono wa kulia. Akaona wa mwenzake haufanyi kazi. Akabadilisha, akatoa wa kushoto.

Walishikana. Ukumbi wote ukainuka.

Sijawahi kuwa kwenye chumba kama kile. Tumeshinda. Tumeshinda kabisa.

Ijumaa, 14 Novemba

Sauti imenikauka. Mzee amelala mpaka adhuhuri. Presha nzuri! Nimepima mara tatu kwa sababu sikuamini. Orla ananikumbatia kila tunapopishana. Simu yake haiachi kulia, watu wanataka kuja Riyadh kumsikiliza.

Kiingereza kimeanza kudondoka. Mkate. Dirisha. Jina langu amelipa matamshi ya Kiingereza, limekuwa baya sana. Nimemwambia.

Jumatano, 19 Novemba

Riyadh. Zamu ya asubuhi, mvua ya kwanza imegonga madirisha, sakafu ya lango kuu imejaa matope na wasafishaji wamechukia. Mzee amehamishiwa chumba cha peke yake mpaka aruhusiwe kwenda nyumbani kwa Orla.

Saa ya chakula nilikwenda kama kawaida. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu. Nikasikia sauti mbili, yake na ya Orla, zinapokezana. Nikasimama na sahani yangu. Haikuwa Kiswahili. Haikuwa Kiingereza pia. Ilikuwa lugha laini yenye koo, ambayo sijawahi kuisikia wodini. Yeye anaongea kwa haraka, bila kutafuta maneno. Orla polepole, anakosea, anarudia, anacheka.

Orla alitoka kuchukua maji, akaniona. "Kiairishi," akaninong'oneza. "Ndicho walichoongea kwao alipokuwa mtoto. Nilikisoma shuleni nikakitupa. Kimemrudia leo asubuhi." Akaniuliza kama nataka kuingia.

Nikamwambia hapana, endeleeni.

Akarudi ndani. Nilikula chakula changu koridoni, nimeegemea ukuta, nikiwasikiliza. Sikuelewa hata neno moja. Kisha nikaenda kumgeuza mgonjwa wa chumba kinachofuata.